Mvua Haina Kijumbe

Mwanakheri aliweza kugeuza vitumbua bila kuviangalia. Mkono ulikuwa kwenye kijiti, macho yalikuwa kwa wateja, na sikio moja lilikuwa kwa mwanawe Kudra, aliyekuwa akigonganisha vifuniko nyuma ya kibanda. Madereva wa bodaboda walikula wima. Waendao kazini Dar es Salaam walifungiwa vyao kwenye karatasi, wakaondoka mbio. Ndivyo asubuhi ilivyokuwa kwao, hapa Pangani ya Kibaha.

Kibanda kilikuwa cha mbao na bati. Kilikaa juu kabisa ya kiwanja chao, kando ya barabara. Kutoka hapo kiwanja kiliteremka. Ilifuata nyumba yao ya vyumba viwili, kisha matuta ya mchicha, kisha sehemu tambarare yenye majani mazuri, na mwisho korongo.

Wakati wa kiangazi korongo lile lilikuwa njia tu. Watu walikatiza humo wakienda dukani. Lakini masika ya mwaka jana lilijaa, likafurika, maji yakapanda kwenye tambarare. Yalibeba jiko lao la nje na mabati yake, mafiga, na sufuria kubwa ya pilau. Mwanakheri alisimama mlangoni na Kudra mgongoni, akaitazama sufuria yake ikienda inazunguka kama mtu anayecheza ngoma. Hakufa mtu. Walishukuru Mungu, wakanunua sufuria nyingine ndogo zaidi.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na mumewe Hussen hakwenda kazini. Hussen alikuwa fundi wa makabati Maili Moja. Asubuhi hiyo alifika na fundi mwingine, fundi wa kujenga, jina lake Seifu. Seifu alibeba kamba, vigingi na nyundo. Walishuka moja kwa moja hadi kwenye tambarare.

Mwanakheri alijua wamekuja kufanya nini. Bi Maua, mama yake Hussen, alikuwa ameletwa kutoka Kisarawe. Huko aliishi peke yake. Siku moja aliteleza kisimani, akavunjika nyonga. Alipona, lakini sasa alitembea kwa mkongojo, polepole, na kila hatua aliitolea maelezo. Alikuwa analala chumba kimoja na Kudra. Hussen alitaka kumjengea mama yake chumba chake mwenyewe, chenye choo chake.

Mwanakheri alimwomba mteja mmoja amwangalizie mafuta, akashuka.

"Baba Kudra, ni hapa?"

"Hapa hapa," Hussen alisema. "Mama hapendi mteremko. Nyonga yake inataka mahali palipo sawa."

"Si hapa lilipokuwa jiko?"

"Ndipo."

"Na yale maji?"

Hussen alicheka. "Mama Kudra, yale maji yameshapita. Hukusikia redioni? Walisema ile ni mvua ya miaka ishirini. Imekuja, imeondoka. Mpaka irudi tena, huyu Kudra ana mume na watoto."

Seifu alipigilia kigingi cha kwanza. "Shemeji, mvua kubwa ni kama mchezo wa vyombo," alisema. "Ukishapokea sufuria zako, unakaa pembeni, unasubiri wenzako nao wapokee. Sisi Pangani tulipokea mwaka jana. Sasa ni zamu ya watu wa Mlandizi."

"Na wa Dutumi?" Hussen aliuliza.

"Wa Dutumi hupokea kila mara. Wale wameingia mchezoni kwa majina mawili!"

Wanaume walicheka. Mwanakheri naye alitabasamu, maana aliujua mchezo. Yeye mwenyewe alikuwamo. Kila mwezi, kila mwanamke wa kikundi huleta chombo. Vyote anapewa mmoja. Mwezi unaofuata anapewa mwingine. Kiongozi wao, anayeitwa kijumbe, ndiye anayeshika zamu. Ukishapokea, huwezi kupokea tena mpaka wote wazunguke. Maneno ya Seifu yalimwingia. Yalikuwa na mpangilio mzuri, na kitu chenye mpangilio mzuri hufanana na ukweli.

Hata hivyo moyo wake haukutulia. Alitaka kusema, "Jengeni juu." Lakini juu palikuwa na kibanda chake. Mahali pengine palikuwa wapi? Nyumba ilichukua nafasi yake, na kwenye mchicha palikuwa na mteremko mkali. Akisema juu, atakuwa amejitia kitanzi mwenyewe. Na akisema tu "msijenge hapa", majirani watasema hamtaki mama mkwe. Maneno ya namna hiyo hayaishi haraka mtaani.

Alipanda kurudi kwenye vitumbua vyake.

*

Mteja wa mwisho asubuhi hiyo alikuwa Elinipa. Elinipa alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa Upareni, aliyehamia Kibaha kikazi. Alifanya kazi katika ofisi inayoshughulika na maji ya mito. Kazi yake ilikuwa hesabu za mvua. Hussen alipenda kumtania, "Dada Elinipa, mvua mnaihesabu kwa vidole au kwa matone?" Naye hujibu, "Kwa matone, na lako halijafika."

Mwanakheri alimfungia bagia. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Dada Elinipa, mvua ya miaka ishirini ikishapita, hurudi lini?"

"Inaweza kurudi mwakani."

"Mwakani?"

"Au masika hii hii inayokuja. Au isirudi mpaka Kudra apate mvi."

"Sasa hiyo miaka ishirini ni ya nini?"

Elinipa aliweka mkoba chini. Alitazama bondeni. Aliona kamba mpya ya Seifu iking'aa juani, na vigingi vinne. Alielewa.

"Ni chumba cha nani?"

"Cha mama mkwe."

"Yule anayetembea kwa mkongojo?"

Mwanakheri aliitikia kwa kichwa. "Lakini dada, tafadhali. Usimwambie baba Kudra kwamba mimi ndiye niliyeuliza."

"Mimi nitakuja jioni kumsalimu Bi Maua," Elinipa alisema. "Si nina deni la salamu? Amefika siku nyingi na sijamwona."

*

Jua lilikuwa bado halijazama Elinipa alipopiga hodi. Bi Maua na mkwe wake walikuwa mkekani barazani, wakimenya kunde. Hussen na Seifu walikunywa chai wakiwa wameketi juu ya matofali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Wewe ndiye unayehesabu mvua?"

"Ndiye mimi."

"Ile iliyolowesha kisima nikaanguka uliihesabu?"

"Kama ilinyesha Kisarawe, tuliihesabu."

"Basi iandike kwa wino mwekundu. Ina kesi na mimi."

Walicheka wote. Elinipa akaketi mkekani, naye akaanza kumenya kunde. Hussen hakungoja.

"Dada Elinipa, wewe ni mtaalamu. Ile mvua ya mwaka jana si ya miaka ishirini?"

"Kwa makisio yetu, ndiyo."

"Seifu, umesikia!"

"Lakini hebu tuangalie maana yake," Elinipa alisema. "Mama, nipatie kunde zako kidogo."

Bi Maua alimsogezea ungo. Elinipa alichagua kunde nyeupe kumi na tisa. Akatafuta moja nyekundu, ya ukubwa ule ule. Zote akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Kila punje ni mwaka mmoja," alisema. "Nyeupe ni mwaka wenye mvua zetu tulizozizoea. Nyekundu ni mwaka wa mvua ile iliyobeba jiko. Haya, Baba Kudra, toa moja bila kuangalia."

Hussen aliingiza vidole. Akatoa nyeupe. Akaiweka mkekani.

"Irudishe koponi," Elinipa alisema.

"Niirudishe? Si nimeshaitoa?"

"Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mwaka ukipita, mawingu hayakumbuki kwamba Pangani wameshapata. Mwaka unaofuata kopo linajaa tena vile vile. Nyeupe kumi na tisa, nyekundu moja. Miaka ishirini haina maana kwamba mvua inapumzika miaka ishirini. Maana yake ni kwamba kila mwaka, nafasi ya kuipata ni moja katika ishirini. Mwaka huu hivyo. Mwakani hivyo hivyo. Hata kama jana tu ilikuja."

Hussen alirudisha punje. Akatikisa kopo. Akatoa nyeupe tena. Akarudisha, akatoa nyeupe nyingine. Seifu akataka kujaribu. Nyeupe. Bi Maua naye akaingiza mkono na kusoma Bismillahi. Nyeupe. Walizungushiana kopo mpaka chai ikapoa. Walipitisha mara ishirini, wakaendelea, na nyekundu haikuonekana.

Seifu alipiga paja kwa kicheko. "Dada, hiyo nyekundu uliiweka kweli? Au umeitia mfukoni?"

Elinipa alimimina kunde zote kwenye kiganja. Nyekundu ilikuwepo. Akazirudisha.

"Ipo," alisema bila wasiwasi. "Sasa niwaulize. Tumetoa zaidi ya mara ishirini bila kuipata. Je, safari hii ni lazima ije?"

"Lazima," Seifu alisema. "Imechelewa."

Hussen alishika kopo. Alianza kusema ndiyo, akasita. Alikuwa mtu wa mbao. Alizoea kupima mara mbili kabla ya kukata.

"Hapana," alisema taratibu. "Punje haijui kama tumetoa mara ngapi."

"Haijui."

"Na kama ningeipata mara ya kwanza kabisa..."

"Isingejua pia."

"Ningeweza kuipata tena mara ya pili."

"Ungeweza."

Hussen aliliweka kopo chini polepole, kana kwamba lina maji ya moto.

Bi Maua alikuwa ameacha kumenya. "Ninyi asubuhi mlisema mvua ni mchezo wa vyombo," alisema. "Nilikuwa dirishani, nikasikia. Sasa mimi nimekuwa kijumbe tangu huyu Hussen hajaota meno. Mnajua kwa nini watu hufuata zamu? Kwa sababu mimi nipo. Nakumbuka nani kapokea na nani bado. Akija mtu na tamaa yake, namwambia, kaa chini mwanangu, wewe umeshapata. Nikiondoka mimi, hakuna zamu. Atapokea anayepokea." Alimgeukia Elinipa. "Sasa mvua kijumbe wake nani?"

"Haina, mama."

"Basi Seifu, hapo huna la kujitetea."

"Bi Maua, mimi ni fundi tu," Seifu alisema. "Hayo ya zamu nilisikia kwa watu."

*

Hussen hakushindwa upesi hivyo. Haikuwa ukaidi. Alikuwa amekwisha kuona chumba cha mama yake akilini, na mtu haachi kwa urahisi kitu alichokwisha kukiona.

"Lakini mmejuaje kwamba ni moja katika ishirini?" aliuliza. "Mzee aliyetuuzia kiwanja alikaa hapa miaka kumi na mitano. Aliapa hajawahi kuona maji yakitoka korongoni. Alitudanganya?"

"Hakudanganya. Ni shahidi mkweli, lakini ni mmoja, na miaka yake ni michache." Elinipa alifikiri kidogo. "Mapacha huzaliwa?"

"Huzaliwa."

"Nyumbani kwenu walizaliwa?"

"Hapana."

"Ungekaa ndani ya nyumba yenu tu, usitoke, ungesema mapacha hakuna duniani. Ukitaka kujua mapacha huzaliwa mara ngapi, lazima uulize nyumba nyingi. Ndivyo tunavyofanya kwa mvua kubwa. Ni kitu adimu. Sehemu moja haitoshi kutufundisha."

"Mnauliza nani sasa?" Bi Maua aliuliza.

"Tunauliza vipimo vya mvua. Ni chombo kama ndoo nyembamba, kinawekwa mahali pa wazi. Kila siku saa tatu asubuhi mtu anakwenda kupima maji yaliyoingia. Kibaha kipo, Kisarawe kipo, na kwingine katika ukanda huu. Kimoja kina miaka michache, kingine mingi, kingine kiliharibika katikati. Peke yake kila kimoja ni kama yule mzee wa kiwanja. Tukiviunganisha, tunapata mzee mmoja aliyeishi miaka mingi sana na kukaa kila mahali."

Mwanakheri aliweka kunde zake chini. Sasa alishindwa kujizuia.

"Lakini dada, Kisarawe kuna vilima. Mvua ya kule si sawa na ya huku. Mnawezaje kuzichanganya?"

Elinipa alimtazama kwa furaha. "Hilo ndilo swali ambalo wenzangu ofisini huligombania. Niambie, siku ya kawaida unapika kilo ngapi za mchele?"

"Moja."

"Na jirani yako mwenye watu kumi na watano?"

"Huyo hupika tatu."

"Wakija wageni, wewe unapika mbili, yeye anapika sita. Kilo ni tofauti. Lakini wote mmepika mara mbili ya kawaida yenu. Siyo?"

"Ni kweli."

"Basi sisi kila mahali tunapapima kwa kawaida yake. Hatuulizi tu maji yalikuwa mengi kiasi gani. Tunauliza yalizidi mara ngapi mvua kubwa ya mwaka wa kawaida wa pale pale. Hapo Kisarawe na Kibaha wanaweza kukaa mkeka mmoja. Na kama mvua moja imemwagika kote siku ile ile, hatusemi tumepata mashahidi wawili. Ni habari moja imesikika nyumba mbili."

"Kwa hiyo hamkosei," Seifu alisema.

"Tunakosea. Makisio ni makisio. Pengine si moja katika ishirini, ni moja katika kumi na tano. Pengine ni moja katika thelathini. Tena hali ya hewa inabadilika. Tunaogopa kwamba punje nyekundu zinaongezwa koponi, na hatujui ngapi. Siwezi kuwaambia mvua itakuja lini. Naweza kuwaambia tu ukubwa wa hatari, ili mwenye kujenga achague akijua."

Bi Maua alinyoosha mguu wake mbaya. "Basi niambie mimi. Nikikaa chumba cha bondeni miaka kumi, Mungu akinipa miaka kumi?"

"Hiyo ni kutoa punje mara kumi, mama. Mwaka mmoja hatari ni ndogo. Lakini miaka inajumlisha hatari. Nafasi ya kukutana na nyekundu, walau mara moja katika miaka kumi, ni kama nne katika kumi."

Hussen alimtazama mama yake, kisha mkongojo ulioegemezwa ukutani. Mwaka jana maji yalipanda kwa muda wa kupika chai. Mwanakheri na miguu yake mizima alipata nafasi ya kumbeba mtoto tu.

"Nilitaka asipate shida ya kupanda," Hussen alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilitafuta mahali palipo sawa."

"Ulifikiria vizuri," Elinipa alisema. "Ulifikiria siku zote isipokuwa moja."

"Sasa nijenge wapi?"

Swali lile lilikaa katikati ya mkeka. Wote waliijua sehemu iliyobaki. Hakuna aliyegeuza shingo kuitazama. Hata Seifu, ambaye kwa kawaida hakuacha neno lipite, alijifanya anatafuta kitu ndani ya kikombe.

Bi Maua ndiye aliyesema. "Nirudisheni Kisarawe. Kule nina nyumba. Sikuja hapa kuvunja riziki ya mtu."

Mwanakheri alitazama juu, kwenye kibanda chake. Alikijenga kwa vitumbua, ubao baada ya ubao. Wateja waliujua mlango wake kama watu wanavyoujua msikiti wao. Akikivunja, wiki kadhaa hatauza kitu. Na wateja wa chai hawana subira, watapata mwingine. Kisha aliitazama ile kamba kule chini, na akamwona Bi Maua amesimama mlangoni kwa mkongojo wake, maji yakija, naye akitoa maelezo ya kila hatua.

"Mama, hurudi popote," alisema. "Chumba kijengwe juu."

"Na kibanda?" Hussen aliuliza.

"Kivunjwe. Chumba kikae pale. Kibanda nitakiegemeza ubavuni, kwenye ukuta wa chumba. Kitakuwa chembamba, lakini mkono wangu unaingia. Vitumbua havihitaji ukumbi."

Hussen alimkazia macho. "Ulikuwa umeliwaza hili tangu asubuhi."

"Nililiwaza."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Niliogopa kupoteza kibanda. Na niliogopa mtaona simtaki mama."

Bi Maua alimshika mkono, vidole vikiwa na maganda ya kunde. "Mwanangu, mkwe asiyenitaka angeniacha nilale kule chini," alisema. "Tena angenipelekea na godoro zuri."

Wakacheka, na kicheko kile kilimtoa Mwanakheri machozi, akajifuta kwa ncha ya khanga.

*

Siku ya pili Seifu aling'oa vigingi. "Katika kazi yangu yote," alilalamika akipanda mteremko, "kamba huwa inashuka. Leo ndiyo mara ya kwanza naipandisha."

Elinipa alikuja na mawazo yake, nao wakayapima kwa mfuko wao. Msingi uliinuliwa, ingawa palikuwa juu. Badala ya ngazi, Seifu alimwaga zege la mteremko mpole kutoka mlangoni hadi barazani, na Hussen akatengeneza mkono wa mbao wa kushikilia, laini kama kitanda cha mtoto. Hapo ndipo alipogundua kwamba tatizo la nyonga lilikuwa na dawa muda wote. Hakuwa amelitafutia dawa nyingine kwa sababu tambarare ilikuwa imemdanganya macho.

Sehemu ya chini hawakuiacha tupu. Walipanda matembele na migomba michache. "Pandeni kile ambacho kikienda na maji hamtakililia sana," Elinipa aliwaambia. Waliondoa takataka korongoni, mbele yao na mbele ya jirani, maana maji yakizibwa hutafuta mlango mwingine. Walikubaliana pia ndani ya nyumba: wakisikia tangazo la mvua kubwa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, vitu vya chini vinapandishwa mapema, na mtoto halali chumba cha nyuma, cha upande wa korongo.

Kibanda kilifungwa wiki kadhaa, kama Mwanakheri alivyohofia. Baadhi ya wateja walipotea. Wengine walirudi kibanda kilipofunguliwa, wakalalamika kwamba ni chembamba, wakala wima kama zamani. Bi Maua aliwekewa kigoda mlangoni pake, hatua mbili kutoka kwenye mafuta. Akawa anapokea hela, anatoa chenji, na kumkumbusha kila dereva wa bodaboda amsalimie mama yake.

Seifu naye alibadilika kidogo. Akiitwa kwenye kiwanja, kabla ya kufungua kamba alianza kuuliza, "Maji ya hapa hupita wapi?" Wengine walimcheka. Mmoja alimjibu, "Fundi, hapa mvua kubwa ilishapita." Seifu akajibu, "Na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo," akaketi kumweleza.

*

Masika ilipoanza, Mwanakheri alikuwa Maili Moja sokoni, akinunua nazi na mchele wa vitumbua. Mawingu yalitokea upande wa Kisarawe, meusi, yamejaa. Kisha mvua ikashuka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika. Watu walikimbilia chini ya mabati ya maduka. Maji yakaanza kukimbia barabarani, yakibeba maganda na chupa tupu.

Alitoa simu.

"Mama, huko kukoje?"

"Kunanyesha," Bi Maua alisema. "Siku hizi hapo Maili Moja hamna macho?"

"Maji yako wapi?"

"Yako korongoni. Ngoja nichungulie." Zikasikika hatua, mkongojo, na pumzi. "Yamepanda kidogo. Yanayalamba matembele."

"Kudra?"

"Kudra amelala kitandani kwangu, amenipokonya shuka."

"Nije sasa hivi?"

"Uje kufanya nini, kuyasindikiza? Maliza ulichofuata. Hapa kuna vijana watatu wamejibanza na pikipiki zao, nimewauzia bagia zote. Ukipata iliki, ninunulie."

Simu ikakatika. Mwanakheri alibaki ameishika.

Mwanamke aliyeuza nazi alimtazama. "Kwenu ni wapi, mdogo wangu?"

"Pangani."

"Lile korongo lenu halijafurika?"

Mwanakheri alitazama mvua. Hakujua kama hii ndiyo ile, au ni moja ya zile za kawaida, au ile itakuja kesho, au haitakuja mpaka Kudra awe na nywele nyeupe. Hakuna aliyejua, wala Elinipa.

"Sijui, dada," alijibu. "Lakini mama yuko juu."

Akachuchumaa mbele ya nazi. Akachukua moja, akaitikisa karibu na sikio, akasikiliza maji yake. Akaiweka kando, akachukua nyingine. Alikuwa na muda wa kuchagua.